Sentimita Kumi za Bi Futi

Kitu cha kwanza kinachoonekana ni ncha ya futi, ule utepe wa kupimia ambao mafundi cherehani huvaa shingoni. Ncha hiyo haina namba. Kuanzia moja hadi tisa, zote zimefutika kwa kushikwashikwa, na kile kibati kidogo cha mwisho kimeng'oka siku nyingi. Kilichobaki ni rangi ya njano iliyopauka, kisha, ghafla, kumi.

Ni saa mbili kasoro robo asubuhi. Fundi anaibana ile kumi kwa kidole gumba, anaizungusha futi kiunoni mwa mwanamke aliyesimama mbele yake, anasoma.

"Mia moja na mbili."

"Toa kumi," anasema mwanamke yule, macho yake ukutani.

"Tisini na mbili," anajibu fundi. "Hujanenepa, Mwalimu. Haya, nyosha mkono."

Fundi ana miaka tisini na sita. Anayepimwa ana sabini na tatu. Ni mama na binti yake wa kwanza, ila binti hakumbuki kwamba huyu ni mama yake. Anamwita fundi, kama mteja yeyote.

Chumba ni kimoja, kinatazama barabarani, na mlango wake wa bluu umefungwa nusu ya chini na kufunguliwa nusu ya juu. Kuna cherehani nyeusi ya miguu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, meza ya kukatia, na benchi la wateja. Dirishani anakaa mjukuu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, anashona vifungo na kupiga pasi. Mtaa mzima unamwita bibi yake Bi Futi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila futi shingoni. Binti yake wanamwita Mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minane.

Mwalimu anapimwa kila asubuhi, ingawa hakuna gauni linaloshonwa.

"Ukimwambia akaoge, anagoma. Ukimwambia abadili nguo, anakuuliza wewe ni nani na nani kakuruhusu kuingia," anasema mjukuu, ambaye Mwalimu ndiye mama yake mzazi. "Lakini mwambie 'simama nikupime', anasimama wima kama askari. Akishapimwa anatulia, anaoga, anavaa. Bibi ndiye aliyegundua. Mimi nilikuwa nalia tu."

"Ulikuwa unalia kwa sauti, ndiyo maana na yeye alikuwa anagoma," Bi Futi anamkatiza, pini mbili zikiwa midomoni. "Nani anataka kuogeshwa na mtu anayelia?"

Mgeni aliyekuja kuandika habari zake anaulizwa swali moja tu. "Mbona unaongea kama unaiba? Paza sauti, binti. Akili ipo, masikio ndiyo yamestaafu."

Saa tatu anaingia mteja, mwanamume mwenye kitambaa cha suruali mkononi. Bi Futi haishiki futi. Anamtazama kuanzia juu hadi chini, polepole.

"Kiuno chako mwaka jana kilikuwa themanini na nne," anamwambia. "Leo ni themanini na nane. Umeoa?"

Mwanamume anacheka hadi anaegemea mlango. "Mwezi wa tatu, bibi."

"Basi nitaacha kitambaa cha kutosha kwenye mshono. Bado hujamaliza."

Halafu ndipo anampima. Themanini na nane.

Hapa hakuna daftari la vipimo. Vyote vimo kichwani. Mjukuu anasema wateja wa kudumu ni kama sabini, na kila mmoja ana vipimo vinane au tisa. Wakati fulani aliviandika kwa siri vya wateja thelathini, akawa anamuuliza bibi yake mmoja mmoja huku akijifanya anapiga soga. Kipimo kimoja tu hakikulingana, urefu wa mkono wa mama mmoja. Mama huyo alipokuja wakampima upya. Karatasi ndiyo iliyokuwa imekosea.

Futi mpya ipo. Mjukuu alinunua, ingali ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Hii ya zamani inanijua," anasema Bi Futi. "Na nikianza na moja kama watu wengine, kichwa kitafanya kazi gani? Kitakaa tu kimebeba nywele."

Sifa hizo ndizo zilizomleta daktari. Alikuja kama mteja, mwanamke wa makamo, akitaka kupunguziwa mikono ya koti lake jeupe. Alikuwa ameshonewa sketi hapo miaka miwili nyuma, mara moja tu. Bi Futi akamtajia vipimo vyake vyote pale mlangoni, bado hajakaa.

Daktari akasahau koti. Akaanza kuuliza maswali.

Ilibainika kwamba yeye na wenzake wanachunguza watu waliovuka miaka tisini huku akili zao zikiwa timamu. Wanatafuta ndani ya vinasaba, yale maelekezo yaliyomo katika kila chembe ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake. Wanataka kujua kama watu hawa wamerithi kitu kinachowalinda. Inapowezekana wanachukua mzazi pamoja na mtoto wake, hasa mtoto ambaye hakubahatika kama mzazi. Wanalinganisha damu za wawili hao.

Bi Futi alisikiliza hadi mwisho, mguu wake ukiwa umetulia juu ya kikanyagio cha cherehani.

"Ni kama karatasi ya kukatia nguo," alisema. "Mama anatoa nusu, baba anatoa nusu, mnaunganisha katikati."

"Hasa," alisema daktari. "Na mtoto hachagui nusu ipi."

"Wala mama hachagui."

"Wala mama. Lakini bibi, karatasi siyo nguo. Mafundi wawili wanaweza kukatia karatasi moja, nguo zikatoka tofauti. Kuna maisha, kuna chakula, kuna presha, kuna kazi. Hatujui bado ni kiasi gani ni karatasi na kiasi gani ni fundi."

Katika ukoo wake kulikuwa na mambo ya kuandika. Mama yake Bi Futi alifariki akiwa na miaka tisini na tisa, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amewagombeza watu wawili kwa majina yao kamili. Mdogo wake ana tisini na moja na bado anasimamia duka. Upande wa marehemu mumewe hadithi ni nyingine. Mama mkwe alianza kupotea njia ya nyumbani kabla hajafika sabini.

Daktari aliwaambia wazi kwamba utafiti huo hautamponya Mwalimu. Dawa haipo. Hata majibu ya mtu mmoja mmoja hayatatolewa, yatatolewa ya wote kwa pamoja, baada ya miaka mitano.

Mjukuu alisita. Bi Futi hakusita.

"Simtafutii Mwalimu dawa," anaeleza. "Nimeshaelewa. Namtafutia huyu hapa," anamwonyesha mjukuu kwa mkasi, "na watoto wake wawili. Huyu akisahau mahali alipoweka uzi, anabadilika rangi."

Mjukuu hakatai. "Nikisahau kitu kidogo tu, natokwa na jasho. Najiuliza, ndiyo imeanza? Bibi ananiambia, 'Uzi uko mfukoni mwako, mjinga wewe.' Na kweli uko mfukoni. Lakini hofu haiondoki kwa sababu uzi umepatikana."

Walikwenda hospitali wote watatu. Cheti cha ndoa, alichopewa akiwa na miaka kumi na tisa, kilithibitisha umri wa Bi Futi. Kisha yakaanza majaribio ya kumbukumbu. Daktari alimtajia maneno matano, akamwambia atayaulizwa baada ya nusu saa. Nusu saa ilipofika, Bi Futi aliyataja yote, akaanza tena kutoka la mwisho kurudi la kwanza.

"Na pindo la sketi yako limefumuka kwa nyuma," aliongeza. "Hilo la sita. Hukuniambia, nimeliona mwenyewe."

Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Yakabaki maswali kwa mwanafamilia. Daktari alimuuliza mjukuu mambo mawili. Kwanza, Mwalimu alianza lini kusahau?

"Miaka mitatu iliyopita," alijibu mjukuu. Ndiyo siku Mwalimu alipotoka nyumbani asubuhi na chaki mfukoni, akaenda hadi shule aliyostaafu, akaingia darasani, akawaambia watoto wafungue ukurasa wa arobaini.

Pili, je, Bi Futi amewahi kukosea kazini kwa namna iliyowashangaza watu?

Mjukuu hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kusaidia. Alisema ndiyo. Miaka saba iliyopita, koti la karani wa mahakama.

Koti hilo mtaani bado linakumbukwa. Karani alilivaa mbele ya kile kioo chenye ufa, likamkaa kama amevaa la kaka yake mnene. Mabega yalikuwa sawa, mikono sawa, lakini kifua kilizidi kwa sentimita kumi kamili. Wateja waliokuwa kwenye benchi walijizuia, wakashindwa. Karani, ambaye alikuwa na safari siku ya pili yake, hakucheka. "Bibi, pumzika sasa," alisema. "Umefanya kazi ya kutosha."

Bi Futi alimwomba radhi. Akasema ni macho yake. Kwa mwaka mzima watu walinong'ona kwamba fundi amezeeka, na wengine walihama.

Daktari aliandika. Kalamu ilienda taratibu kuliko mwanzo. Kisha akaeleza kwa upole kwamba kosa kama hilo, kwa mtu wa miaka themanini na tisa, linaweza kuwa ishara. Asingeweza kumweka Bi Futi kwenye kundi la wenye akili timamu kabla ya kulichunguza. Na kama Bi Futi angetolewa, Mwalimu naye angetoka, maana wanaingia wawili kwa pamoja.

Bi Futi hakujitetea. Alimshika binti yake mkono wakaondoka.

"Sikulala vizuri wiki ile nzima," mjukuu anasema. "Nilijua nimemharibia. Nikimwangalia anashona kama kawaida, hasemi neno. Ningependa anitukane."

Juma lililofuata walirudi. Safari hii Bi Futi alibeba mfuko wa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na daftari la mistari, jalada gumu, lililofungwa kwa pindo la suruali. Lilikuwa limekaa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na mafuta, miaka saba.

Aliliweka mezani. "Soma," alimwambia mjukuu.

Mjukuu aliufahamu mwandiko kabla hajasoma. Ulikuwa ule wa ubaoni, herufi zimesimama, namba zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula.

Baada ya kustaafu, Mwalimu alikuja kumsaidia mama yake. Kazi waligawana hivi: Bi Futi anapima na kutamka namba kama alivyoiona kwenye futi. Mwalimu anasema "toa kumi", anatoa, anaandika. Kwa miaka sita hawakukosea hata mara moja. Wateja walipenda kuwasikia, mama anatamka, binti anatoa, kama watu wanaoitikiana.

Ukurasa wa karani ulikuwa na vipimo nane. Saba vilikuwa vimetolewa kumi. Kifua kilikuwa kimeandikwa mia moja na nane, wazi kabisa, kwa wino wa bluu.

Kosa la namna hiyo lisingeweza kutokea kwa mafundi wengine. Lilihitaji futi isiyo na mwanzo, na mtu aliyekuwa ameaminiwa kuukumbuka mwanzo huo.

"Karani alipotoka, nilifungua daftari," Bi Futi alimweleza daktari. "Nikafikiri ni bahati mbaya. Nikarudi nyuma. Nikaona nyingine, halafu nyingine tatu. Mwanangu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane, ameshindwa kutoa kumi. Nguo za hizo nyingine zilikuwa bado hazijakatwa, nikazirekebisha namba kwa penseli. Nikalifunga daftari, nikamwambia, 'Mwalimu, daftari linanichelewesha, tuliache.' Kuanzia siku ile nikaanza kuviweka kichwani."

Daktari aliinua macho. "Kwa hiyo kabla ya hapo hukuwa unavikariri?"

"Kwa nini nikariri na mwalimu ninaye?"

Hiyo kumbukumbu iliyosifiwa mtaani, iliyomleta daktari mlangoni, Bi Futi aliianza akiwa na miaka themanini na tisa, ili mtu yeyote asije akafungua lile daftari.

Mjukuu alikuwa analia. "Kwa sauti ndogo," anasisitiza sasa, akimtazama bibi yake.

"Ndogo kidogo," anakubali Bi Futi.

Daktari alisahihisha mistari miwili. Kwenye kosa la koti akaandika kwamba halikuwa la Bi Futi. Kwenye mwanzo wa ugonjwa wa Mwalimu akafuta tatu, akaandika saba. Alimwambia mjukuu kwamba mstari wa pili una thamani kubwa kuliko wa kwanza, kwa kuwa watafiti mara nyingi hupewa tarehe ya siku familia ilipoona. Siku ugonjwa wenyewe ulipoingia hawaipati. Kuhusu hiyo kazi ya kukariri, alisema ataiandika pia, kwenye nafasi ya maelezo mengine, kwa sababu hakuna kisanduku chake.

"Sijui niite vinasaba au niite mama," daktari alisema alipopigiwa simu kwa ajili ya simulizi hii. "Mtu mmoja hathibitishi chochote kwenye sayansi. Lakini nikimkumbuka huyu, huwa nafanya kazi vizuri zaidi."

Siku hiyo walitolewa damu wote wawili. Mwalimu aligoma kunyoosha mkono mpaka mama yake alipovua futi shingoni na kuizungusha juu ya kiwiko. Akatulia. Sindano ikaingia.

Majibu yatatoka baada ya miaka mitano. Bi Futi atakuwa na miaka mia moja na mmoja. Anaipanga tarehe hiyo kama anavyopanga siku ya kutoa nguo.

"Nimewaambia wayalete hapa hapa, hata kama ni ya wote kwa pamoja, nisiwafuate. Na wasome taratibu, kwa sauti. Nataka huyu ayasikie mimi nikiwa nimekaa pembeni yake." Anaonyesha dirishani. "Kama ni mazuri, tucheke. Kama ni mabaya, ana watoto wa kulea. Nitamfundisha namna ya kuwazoeza kumpima asubuhi."

"Bibi!" anasema mjukuu.

"Nini? Fundi anaacha kitambaa cha mshono."

Pia anamfundisha kupima kwa futi ileile ya zamani. Mjukuu anatamka, anatoa kumi, anakata. Mwezi uliopita alikata gauni lake la kwanza bila kuandika. Lilimkaa mteja vizuri. Bi Futi alilikagua kwa ndani, kwa nje, akatafuta kosa hadi akachoka, akasema vifungo vingekuwa vikubwa kidogo.

Asubuhi ya mwisho ya kuandika simulizi hii, mjukuu ametoka kununua uzi. Mwalimu amesimama mbele ya kioo, wima. Futi iko kiunoni mwake. Bi Futi ameibana kumi kwa kidole gumba, lakini hasomi.

Kuna jambo hakumwambia daktari, wala mjukuu. Daktari alimshukuru kwa kulileta daftari, na hakumuuliza kwa nini lilikaa kwenye droo miaka saba. Mtaani wanasema alimficha binti yake aibu. Anawaacha waseme.

Sasa anaongea, taratibu, akikiambia kile kiuno, maana hafiki usoni bila kuinua shingo.

"Mwanangu. Mimi niliona kabla ya wote. Niliona siku ile ya koti. Haikuwa aibu yako. Niliogopa, nikasema nikinyamaza ugonjwa hautakuwepo. Miaka minne sikukupeleka popote. Labda wasingeweza kitu. Labda wangeweza. Nisamehe."

Mwalimu anatazama ukutani. Anasubiri. Kisha anainamisha kichwa, anaiona futi imezungushwa kiunoni na imesimama, na mkono ulioishika hausogei. Anaugusa mkono huo kwa vidole viwili, kama mwalimu anavyogusa daftari la mtoto aliyekwama kwenye swali.

"Toa kumi," anamwambia.